Kitabu Kisichomjua Msomaji Wake

Mgeni hupewa maji kwanza, ndipo husimuliwa habari za ukoo. Waandishi wengi wa vitabu vya mwongozo wa programu huria hufanya kinyume.

Hapa Igoma mwalimu mmoja kijana aliniletea kitabu cha namna hiyo, amenuna. Alikuwa akiingiza alama za kidato cha pili kwenye kompyuta, umeme ukakatika, kazi ya jioni nzima ikapotea. Tulikifungua pamoja. Mwanzoni mlikuwa na historia ya programu, kisha majina ya waliochangia, kisha kila kitufe kimeelezwa kwa zamu. Namna ya kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache ilikuwa karibu na jalada la nyuma.

Chuo cha ualimu tulifunzwa kwamba andalio la somo huanza na lengo: ifikapo mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kufanya nini? Lisilotumikia lengo hilo, hata liwe tamu, huachwa. Kipimo changu ni hicho hicho.

Najua nitakavyojibiwa. Wako wasemao, "Weka yote, msomaji atachagua mwenyewe." Anayejua kuchagua hahitaji mwongozo! Wengine husema kukatika kwa umeme si habari ya programu. Kwa aliyepoteza alama za wanafunzi wake, hakuna habari kubwa kuliko hiyo.

Siwabezi waliotangulia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice, maneno ya kwenye skrini yakawa ya Kiswahili. Heshima yao haifutiki. Lakini istilahi si somo. Tafsiri humwambia mwalimu kitufe kinaitwaje. Haimwambii akibonyeze lini.

Jambo moja tu lisilo la kazi nalitaka ukurasa wa kwanza: kwamba msomaji anaruhusiwa kuinakili programu, kumpa jirani na kuirekebisha. Kitabu nacho kiwe hivyo. Mwaka 2006 jumuiya ya Debian, watengenezaji wa programu huria, iliamua kwa kura kwamba kitabu chenye sehemu zisizoruhusiwa kubadilishwa si huria. Naafiki. Kosa la mwandishi aliye mbali huonwa na mwalimu wa Igoma, asizuiwe kulisahihisha.

Majina ya wachangiaji yawekwe nyuma, kwa shukrani. Mbele akae mwalimu mwenye daftari la alama, asiyejua umeme utakatika saa ngapi.