Tusiwazuie Watoto Kwenda Haja



Mwaka jana binti mmoja wa darasa langu alikosa masomo siku tano. Homa, maumivu chini ya kitovu, na kila akienda haja ndogo analia kwa kuwaka moto. Hospitali wakapima mkojo, wakasema ni U.T.I., yaani vijidudu vimeingia njia ya mkojo. Mama yake alinieleza kwa sauti ya chini, maana mtaani walishaanza kunong'ona kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Mtoto wa miaka tisa!

Nasema wazi: U.T.I. si ugonjwa wa zinaa. Mara nyingi vijidudu hivi hutoka kwenye haja kubwa ya mtu mwenyewe, na kwa kuwa njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, wasichana huugua zaidi. Kubana mkojo muda mrefu na kunywa maji kidogo huchangia. Hapo nikajiona mkosaji. Mtoto yule aliniomba ruhusa mara mbili, nikamwambia, "Maliza sura kwanza." Nami ndiye niwafundishaye kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuswali akiwa amebanwa na haja! Kama Swala yenyewe husubiri, hifdhi haiwezi?

Na vyoo vyetu je? Vikikosa maji na komeo, wasichana hubana hadi nyumbani. Kamati ianze hapo kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele.

Wazazi nanyi mna lenu: kununua vidonge dukani bila kipimo. Si kila homa ni U.T.I.; yaweza kuwa malaria. Mkojo wenye damu huku kwetu waweza kuwa kichocho, ambacho dawa yake ni nyingine kabisa. Mkojo wa kupima ni ule wa katikati, si wa mwanzo, kwenye kichupa safi. Dawa imalizwe kama daktari alivyoandika, hata maumivu yakiisha siku ya pili. Akiwa na homa kali, kutapika au maumivu ya mgongo, apelekwe haraka, huenda ugonjwa umefika kwenye figo.

Kina mama, wafundisheni mabinti kustanji kutoka mbele kwenda nyuma.

Darasani kwangu sasa anayebanwa huinua mkono na kutoka. Wapo wachache wanaokimbilia chooni kukwepa hifdhi. Nawajua, na wakirudi husoma mara mbili.

Wabillahi taufiq.