Soko la nje linaanzia kwenye turubai lako, si mpakani

Leo naomba tuweke mbolea na viwavi pembeni, tuongelee biashara ya kimataifa. Najua ukisikia neno hilo unawaza meli, makontena na watu wa suti. Lakini lori la mahindi likitoka Songea likavuka Namanga kuingia Kenya, hiyo ndiyo biashara ya kimataifa yenyewe.

Msingi wake ni rahisi. Wewe unacho cha ziada, jirani anapungukiwa. Ruvuma, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa na Njombe huvuna mahindi kuliko wanavyokula. Kenya miaka mingi inakula kuliko inavyovuna. Wao wanapata unga, wewe unapata bei ambayo dalali wa kijijini hawezi kukupa, na nchi inapata fedha za kigeni za kununulia mafuta na mbolea. Wote mnafaidi. Shida ni kwamba mnunuzi wa nje ana sheria zake, na akizibana, wa kwanza kuumia ni mkulima.

Mnakumbuka Machi 2021? Tarehe 5 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu ikiwa sumukuvu. Tarehe 10 zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo ni gramu moja tu ya sumu ndani ya tani 100 za mahindi!

Wengi walisema ni siasa. Mimi sibishi kwamba siasa zipo kwenye biashara. Hata sisi mwaka 2017 tulizuia mahindi yetu kutoka nje, na Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini baada ya wao kuzuia ya kwetu. Mazuio haya ya ghafla yanamkomoa mkulima, na serikali zote za ukanda huu zinapaswa kutoa taarifa mapema. Hapo nawatetea.

Ila sumukuvu si siasa. Mwaka 2016 watu takriban 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, haiishi kwa kupika, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini. Mkenya anayekataa mahindi yenye sumu analinda watoto wake. Sisi tunaoyakubali, wa kwetu tunawalinda vipi?

Kila nikikutana na vijana naambiwa, "Afisa, tupe koneksheni ya soko la nje." Nikiuliza mahindi mlikaushia wapi, kimya. Kuna vijana wanne ninaowahudumia walichanga, wakakopa, wakakodi lori. Mnunuzi alipima mzigo getini, unyevu uko juu, sumukuvu imepita kiwango. Akakataa. Lori likalala siku tatu, dereva anadai posho, mwisho wakauza kwa hasara. Mmoja aliuza pikipiki kulipa mkopo. Nusu ya lawama naibeba mimi. Niliwafundisha nafasi ya kupanda na kuweka mbolea, nikaishia hapo kana kwamba kazi imekwisha mahindi yakikomaa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla hujatafuta mnunuzi wa nje, tengeneza mzigo wa nje. Fanya haya:

1. Shambani, tumia Aflasafe kwa wakati wake, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 kwa ekari.

2. Vuna yakikomaa, usiyaache shambani yanyeshewe. Kausha juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo. Mahindi yaliyooza au kutobolewa na wadudu yatoe.

3. Hakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5, ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Huna kipimo? Weka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa dakika 2 au 3, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isipoganda, uko karibu, lakini kwa mzigo wa kuuza nje changieni kikundi mnunue kipimo.

4. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kumbuka, kukausha kunazuia sumu isiongezeke, hakuondoi iliyokwisha kuingia.

5. Jifunze karatasi mapema: kibali cha kusafirisha nje, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, cheti cha uasili, na majibu ya maabara. Mzigo wako ukiwa chini ya dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, upo utaratibu rahisi wa cheti cha uasili pale pale mpakani. Kupita njia za panya ni kujinyima haki yako mwenyewe.

6. Uza kwa kilo. Lumbesa iache. Na kama unalipwa shilingi ya Kenya, uliza bei ya kubadilisha fedha kabla hujakubali, maana faida inaweza kuishia hapo.

Utaniambia gharama ni kubwa. Kweli, turubai, kipimo na maabara ni hela. Ndiyo maana nasema kikundi. Watu kumi wakipima mzigo mmoja, gharama inagawanyika. Lori likirudishwa, hasara yake haigawanyiki, kila mmoja anarudi nyumbani na deni lake.

Koneksheni sina, na hata ningekuwa nayo nisingeipa mahindi yaliyokaushiwa barabarani. Anika vizuri, pima, andika. Mnunuzi akija atakukuta uko tayari, na hata asipokuja, familia yako itakula unga salama.

Tukutane uwanjani, msimu huu nakuja na kipimo.