Kidole gumba kilichomnyima mama usingizi

Nilipotea kidogo, chumba cha habari nacho kina mambo yake. Leo nina jambo dogo la emoji, zile katuni za kwenye simu, na naomba tusicheke kwanza.

Mwaka jana nilikwenda kupima kitu kilichokuwa kinanitia wasiwasi, na mama kule kijijini alikuwa anasubiri majibu kuliko mimi. Yakatoka salama. Nikiwa mbioni kuwahi habari, nikamwandikia: "Mama, majibu yametoka", nikabandika kidole gumba, nikatuma. Sasa mama anatumia kitochi. Alichokiona ni maneno matatu na kiboksi kitupu. Hakulala. Alfajiri akanipigia, sauti inatetemeka: "Mwanangu, hicho kiboksi ndiyo ugonjwa gani?"

Jamani, niliona aibu.

Simu haitumi picha, inatuma namba. Kila emoji ina namba yake iliyopangwa na Unicode, shirika linalosimamia herufi za kompyuta duniani, ambalo liliziingiza emoji kwa mamia mwaka 2010. Picha inachorwa na simu inayopokea, na isipokuwa na mchoro wa namba hiyo, unapata kiboksi. Hata bendera yetu, ambayo kwa ndani ni herufi T na Z tu zilizounganishwa, kwenye kompyuta nyingi za Windows inabaki TZ hivyo hivyo.

Halafu kuna pesa. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, meseji nzima inabadilishiwa mfumo na sasa inabeba 70. Tangazo la kikao cha harusi lenye herufi 150, ukilipamba na moyo mwekundu mwishoni, linahesabiwa meseji tatu. Zidisha kwa wanakamati 40.

Sisemi tuziache. Kwenye WhatsApp hazina neno, na kwenye kompyuta nazitumia kila siku (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, zinamwagika zote, wa Mac ni Control, Command na kitufe cha nafasi). Ninachopinga ni emoji kubebeshwa habari yenyewe. Andika kwanza "ni mazuri", ndipo ubandike kidole chako.

Na kwa wenye vitochi ipo ile ya zamani, :-) , aliyoipendekeza Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1982. Ni alama tatu za kawaida, inafika nzima, haikuongezei gharama ya meseji ya pili. Mama nimeshamfundisha kuisoma. Anainamisha simu pembeni, anacheka, anasema kweli anauona uso. Kubadili simu ndiyo amekataa, kitochi chake kinakaa na chaji siku nne.