Je, Plazima Itatusafishia Hewa?

Katika gazeti letu natoa maoni yangu juu ya jambo lililozusha makelele katika mdahalo wa muhula huu. Mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba watu na wachome makaa ya mawe wapendavyo, kwa kuwa wataalamu wamekwisha pata mashine za plazima zigeuzazo hewa ya ukaa kuwa vitu vya faida. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupiga. Kwetu mvua za vuli zimekosekana miaka miwili mfululizo, na nauli iliyonileta shuleni ilitoka katika mbuzi wa baba. Habari za hewa kuharibika si mchezo kwangu.

Kwanza, plazima ni nini? Ni hewa iliyopigwa na umeme hata elektroni zikang'oka katika atomu zake. Radi ni plazima. Hata ile mirija ya taa mabwenini, ipepesayo macho wakati wa prepo, ndani yake mna plazima. Elektroni zake zina moto mkali ajabu, lakini hewa yenyewe imepoa, ndiyo maana mtu akigusa mrija haungui. Ujanja wote uko hapo: elektroni hizo huweza kuivunja hewa ya ukaa, ambayo ni ngumu kuvunjika, pasipo tanuru kubwa. Hutoka oksijeni na kabonimonoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Sumu hiyo ikiunganishwa na haidrojeni hupatikana methanoli, hata mafuta ya magari. Hayo ni kweli, wala sibishani nayo.

Nabishana na hesabu. Kuvunja kilo moja ya hewa ya ukaa hakuwezekani kwa chini ya uniti 1.8 za umeme, mashine iwe nzuri namna gani. Na mashine za kweli hutaka zaidi. Nao mtambo wa makaa ya mawe, kwa kila uniti moja, hutoa karibu kilo moja ya hewa hiyo hiyo. Basi atumiaye umeme wa makaa kuvunja kilo moja amekwisha toa karibu kilo mbili nyingine. Ni kama mwenye duka anunuaye andazi kwa shilingi mia mbili akaliuza kwa mia, kisha akajisifu kwamba wateja ni wengi.

Mambo haya yalikwisha onekana zamani. Huko Norway, mwaka 1903, Profesa Kristian Birkeland na mhandisi Sam Eyde walivumbua njia ya kuunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kwa cheche kubwa ya umeme, mfano wa radi, wakapata mbolea. Kiwanda chao cha Notodden kilianza mwaka 1905 kwa umeme wa maporomoko ya maji. Mbolea ilikuwa njema, lakini umeme ulioliwa ulikuwa mwingi mno, na njia ya Wajerumani Haber na Bosch, itumiayo nguvu chache, ikaishinda. Ikiwa wenye maporomoko walishindwa na gharama ya umeme, mchoma makaa atafika wapi?

Nisidhaniwe kwamba naipinga plazima. Methani, ambayo ndiyo karibu yote ya gesi ya Songo Songo, huvunjika kwa nguvu chache zaidi, ikatoa haidrojeni na masizi ya kutengenezea matairi; kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi Hallam, Nebraska, Marekani, mwaka 2020. Na hewa ya ukaa nayo ivunjwe, lakini kwa umeme wa maji, wa mvuke wa ardhini, au wa jua la mchana unapozidi mahitaji, maana mashine za plazima huwashwa na kuzimwa upesi.

Mwenzangu yule, kama anayo hesabu nyingine, na ailete katika toleo lijalo. Uniti 1.8 nimezipata mwenyewe kwa jedwali la kitabu cha Kemia kilichomo maktabani, na mwalimu amezikagua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne