KAZI ZA MIKONO: Sanduku la Mwanga la Kutazamia Picha za Zamani

Katika nyumba nyingi, chini kabisa ya sanduku la nguo, kuna bahasha ya studio yenye vipande vya filamu vya rangi ya kahawia. Watoto huvichezea, na mwishowe hutupwa. Vipande hivyo ni negativu, yaani mama wa picha. Picha ya karatasi ikiliwa na mchwa, au ndugu akiichukua siku ya msiba asiirudishe, negativu ndiyo itakayoizaa upya. Kwa mjane, huenda ndimo ulimobaki uso pekee wa baba ambao kitindamimba atapata kuuona.

Kutoka Sindeni hadi studio ya mjini ni nauli, na kusafisha kila picha ni pesa. Ni heri kuchagua nyumbani kwanza, ukajua unachokwenda kulipia.

MAHITAJI
Katoni imara yenye urefu wa sentimita 30, upana 25 na kimo 15, kioo cha dirisha cha sentimita 25 kwa 20, karatasi nyeupe, gundi na selotepu, kisu, na taa ndogo ya sola au tochi ya LED.

NAMNA YA KUTENGENEZA
1. Bandika karatasi nyeupe ndani ya katoni, pande zote na chini, ili mwanga usipotee.
2. Juu ya katoni kata dirisha la sentimita 20 kwa 15.
3. Mwambie fundi asugue kingo za kioo kwa msasa, au zizungushie selotepu, zisikate watoto.
4. Bandika karatasi nyeupe nyembamba upande wa chini wa kioo, kisha kilaze juu ya dirisha na ukishike kwa selotepu.
5. Toboa tundu ubavuni, ingiza taa na uielekeze chini. Mwanga ukigonga karatasi nyeupe utapanda juu umetawanyika sawasawa.

Usitumie mshumaa, kibatari wala balbu ya zamani inayochemka: katoni itashika moto, na joto hukunja filamu.

NAMNA YA KUTAZAMA
Nawa mikono, ikauke. Shika negativu kwenye kingo tu, maana alama ya kidole haitoki kwa urahisi. Vumbi liondoe kwa brashi laini. Usifute kwa kitambaa chenye maji.

Upande unaong'aa uelekee juu. Ukigeuza, kushoto kutakuwa kulia na maandishi yatasomeka kinyume. Usishangae kuona nyuso nyeusi na nywele nyeupe. Katika negativu giza na mwanga hubadilishana. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuwasha mpangilio wa kugeuza rangi, kisha atazame kwa kamera. Filamu nyeusi na nyeupe itaonekana vizuri. Ile ya rangi itaelekea ubuluu kwa sababu ya ule ukahawia wake. Ukishachagua, andika namba iliyo ukingoni mwa filamu na umpelekee fundi mwenye mashine ya kunakili negativu.

KUTUNZA
Weka kila kipande katika bahasha yake ya karatasi, kisha katika kopo lenye mfuniko, mbali na jiko na juu ya sakafu. Unyevu huleta ukungu, na ukungu hula picha.

Sanduku hili litakufaa pia kunakili maua ya kudarizi vitambaa: weka mchoro chini, kitambaa chepesi juu, upitishe penseli.

Zaidi ya yote, mwiteni bibi jioni moja atazame pamoja nanyi. Yeye ndiye ajuaye yule aliyesimama nyuma kwenye ubatizo ni nani, na yule mtoto aliyepakatwa ni wa nani. Andikeni majina juu ya bahasha siku hiyo hiyo. Picha inaweza kusafishwa tena, lakini majina yakiondoka na bibi hakuna studio itakayoyarudisha.