Kipisi na Treni Kubwa kwenye Stesheni Moja

Kutumia stesheni moja na kutumia reli moja ni mambo mawili, ingawa katika mijadala ya usafiri huchanganywa mara kwa mara. Tramu au treni ndogo ya abiria inaweza kusimama upande mmoja wa jukwaa na treni ya masafa marefu upande wa pili, kila moja kwenye njia yake. Abiria anapiga hatua chache na kuendelea na safari. Au zote mbili zinaweza kupita juu ya chuma kilekile, zikipishana kwa zamu. Namna ya kwanza inadai ardhi na fedha za ujenzi. Ya pili inadai ratiba, ishara na mtu wa kuamua nani apite kwanza, na hapo ndipo mdogo huonewa. Bonde la Kilombero nchini Tanzania limeishi na namna zote mbili kwa miongo kadhaa, pasipo kuona tramu hata moja.

Namna ya kwanza iko Kidatu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067 ili ioane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Tawi la Reli ya Kati linaloshuka kutoka Kilosa kupitia Mikumi lina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia behewa la huku lisiende kule. Mwaka 1998 kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo ili reli hizo mbili zilale ubavu kwa ubavu na shehena ipite kutoka behewa moja hadi jingine. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Kasoro ni kwamba kituo cha pamoja hakina uhai wake chenyewe: kinategemea treni kufika pande zote mbili. Tawi la Kilosa lilipodhoofika, Kidatu ikabaki na majukwaa ya mapatano yasiyo na wapatanaji.

Namna ya pili ndiyo inayowagusa zaidi wakazi wa Ifakara, na ina jina la kienyeji: kipisi. Ni treni fupi ya abiria iliyokuwa ikitembea kati ya upande wa Kidatu na Makambako, ikisimama kila stesheni: Mang'ula, Kiberege, Ifakara, Mbingu, Chita, Mlimba, kisha kupanda milima. Katika ratiba za TAZARA imejulikana pia kwa jina la Udzungwa. Kwa kazi yake, huyu ndiye ndugu wa karibu kabisa wa tramu ambaye bonde limewahi kuwa naye: vituo vya karibu karibu, safari fupi, abiria wanaopanda na kushuka na mizigo yao. Treni za Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Mukuba na Kilimanjaro, zilipita kwenye reli ileile, kwa miaka mingi mara mbili tu kwa wiki kila upande, na si kila stesheni zilisimama.

Tofauti ya matumizi inaonekana dirishani. Treni kubwa ikisimama Mlimba, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi hupitishwa madirishani mbio mbio, mmoja nje akisukuma na mwingine ndani akivuta, kwa sababu muda ni wa kuhesabu. Kwenye kipisi mama mwenye tenga la kuku hakuwa na sababu ya kukimbizana na filimbi. Treni iliwekwa kwa ajili yake. Wafanyabiashara wadogo wa bonde walijenga masoko yao juu ya tofauti hiyo. Walinunua bei ikiwa chini katika stesheni moja, wakauza ikiwa juu katika nyingine, na kurudi nyumbani bila kukodi lori.

Ugumu wa kuziweka treni hizi pamoja uko kwenye idadi ya njia. TAZARA ni njia moja. Treni zinazokutana hupishana stesheni tu, moja ikiingia kando na kungoja. Dereva haingii kipande kinachofuata mpaka apewe ruhusa kwamba kipande hicho ni kitupu. Tuseme stesheni mbili zimeachana kilometa 15 na treni ndogo inakwenda kilometa 30 kwa saa pamoja na kusimama: kipande chote kimefungwa kwa nusu saa, na treni ya shaba kutoka Zambia iliyo nyuma inasubiri. Msimamizi wa mwendo akiwa na treni ya mizigo yenye mabehewa ya kontena upande mmoja na kipisi chenye abiria wa Chita upande mwingine, hesabu ya mapato inamwelekeza upande mmoja kila siku. Ndiyo maana kipisi kimekuwa cha kwanza kuwekwa kando na cha kwanza kukatwa kila vichwa vya treni vilipopungua. Haikuhitaji mtu mbaya. Ilihitaji tu kutokuwepo kwa kanuni inayosema vingine.

Kuna usalama pia. Treni ya mizigo iliyojaa haisimami ghafla, na gari jepesi likigongana nayo halina la kujitetea. Kwa muda mrefu wahandisi wa Ulaya walikataa katakata tramu kuingia kwenye reli kuu kwa sababu hiyo. Mji wa Karlsruhe, Ujerumani, ulibadili hoja mwaka 1992 ulipopeleka tramu zake hadi Bretten kwenye njia ya reli ya kawaida. Stesheni kuu ya mji huo iko mbali na maduka, na kila abiria wa vijijini alilazimika kushuka hapo na kupanda chombo kingine. Magari mapya yalitengenezwa yaweze kutumia umeme wa volti 750 za mjini na volti 15,000 za reli kuu, na badala ya kuongezewa chuma yalitegemea breki kali na ishara zinazozuia treni mbili kukutana. Abiria wakaongezeka kwa kasi, na miji mingine ikaiga. Sheffield, Uingereza, ilianza mwaka 2018. Somo la Karlsruhe kwa bonde la Kilombero si nyaya za umeme. Ni kwamba chombo chepesi kinaweza kuishi na kizito pale ishara zinapoaminika na chepesi kina nafasi yake iliyoandikwa kwenye ratiba.

Afrika Mashariki imeonja matamu na machungu ya jambo hili. Nairobi ilinunua treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Majorca, Hispania, zikaanza kazi mwishoni mwa mwaka 2020. Ziliingia bila shida kwa kuwa reli za kisiwa hicho nazo ni za milimita 1,000. Zinachukua abiria kutoka katikati ya jiji hadi stesheni ya reli ya kisasa (SGR) iliyo Syokimau, zikiziba pengo ambalo bila hizo lingeachiwa matatu. Addis Ababa ilifungua treni nyepesi za mjini mwaka 2015, lakini stesheni ya reli mpya ya Jibuti ikawekwa pembezoni ambako treni hizo hazifiki. Huko kila mradi ulikuwa mzuri peke yake, na abiria ndiye anayelipia teksi katikati. Dar es Salaam, treni za jijini zilizoanza Oktoba 2012, ambazo watu walizibatiza jina la Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilitumia reli zilezile za masafa marefu, na upande wa TAZARA zilikwenda hadi Mwakanga.

Sasa swali la nani apite kwanza limerudi likiwa na uzito mpya. Makubaliano ya awali ya kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya Kichina ya CCECC yalitiwa saini Beijing Septemba 2024 mbele ya marais Samia Suluhu Hassan, Hakainde Hichilema na Xi Jinping, na mwaka uliofuata ukaja mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya takriban dola bilioni 1.4. Fedha za aina hiyo hurudishwa na mizigo. Reli ikifufuka, vipande vitajaa, na nafasi ya treni ndogo itazidi kuwa ghali. Wanaoona kipisi hakina haja tena wana hoja: barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami, na mabasi yanaondoka kila siku. Kwa abiria wa Mang'ula hoja hiyo inakaribia kuwa kweli. Kwa wa Mbingu, Chita na Mlimba si kweli hata kidogo, maana masika yakianza kule ndipo reli inapothaminiwa, na gunia la mpunga halijali takwimu za shaba.

Tramu halisi mjini Ifakara ni ndoto isiyo na faida. Mji wa ukubwa huo unahudumiwa vizuri na bajaji na bodaboda. Mkazi wa Mlabani, hapo mjini, anayekwenda Mlimba hatafuti reli mbele ya mlango wake. Anatafuta kujua saa ya treni ili asilale stesheni, uwanja wa bajaji ulio karibu na jukwaa, na mahali pa kuweka mzigo mvua isiunyeshee. Hayo ni mambo ya stesheni ya pamoja, na ni ya bei rahisi mno yakilinganishwa na kichwa kimoja cha treni.

Chombo chenyewe pia hakihitaji kubuniwa upya. Upana wa milimita 1,067 ndio unaotumiwa na sehemu kubwa ya reli za Japani na za Indonesia, na treni za abiria za Jakarta kwa miaka mingi zimekuwa zile zilizostaafu Tokyo. Gari la dizeli la mabehewa mawili au matatu, lenye injini ndani yake, lisingekula kichwa cha treni ya mizigo, jambo ambalo ndilo lililokiua kipisi mara nyingi kuliko ukosefu wa abiria.

Linalobaki ni la mkataba na wa kuusimamia. Serikali za Tanzania na Zambia ndizo wenye reli. Mwekezaji ni mwendeshaji. Zinapaswa kudai, kwa maandishi na kwa adhabu, nafasi za kudumu za treni ndogo kati ya Ifakara, Mlimba na Makambako, angalau safari moja kwenda na moja kurudi kwa siku za soko, ambazo treni ya mizigo haitaruhusiwa kuzila. Wabunge na madiwani wa Kilombero wanapaswa kulisemea hilo kabla ratiba mpya haijapangwa.