Ufunguo wa Zamani, Mlango Mpya
Ahamaye Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, huhamisha vyombo. Ufunguo wa nyumba ya zamani haufungui mpya. Wengi wenye bitkoini kwenye karatasi husahau hili. Kifaa kipya cha kuhifadhia kikiukataa ufunguo wa karatasi, hudhani ni kibovu. Sivyo: kina ufunguo wake. Programu ya kompyuta huusoma ule wa karatasi, ikatuma fedha zote mara moja kwa anwani iliyohakikiwa kwenye kioo cha kifaa. Hatari ni “fundi” aombaye maneno 12 au 24 ya siri. Hata sheria ya mwaka 2025 ya kudhibiti biashara hii nchini hairudishi siri iliyokwisha toka. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kunyamaza.